Stata iliyofichika: Hakikisha ndiyo mbovu kabla ya kuifungua

GARI linapokataa kuwaka alfajiri katika eneo la Sotik, Kaunti ya Bomet, hasara huanza kuhesabika hata kabla jua halijachomoza.

Maziwa hayakai, na majani ya chai yaliyochumwa yakirundikwa kwa muda mrefu hupata joto, hugeuka mekundu na kupoteza thamani. Mwenye gari huwa na haraka. Fundi naye, akisikia mlio mmoja tu wa "tak" ufunguo unapozungushwa, huenda akatangaza papo hapo kwamba stata imekufa.

Yamkini amesema kweli. Hata hivyo, katika magari mengi ya zamani stata imefichwa mahali ambapo mkono hufika kwa taabu na spana haina nafasi ya kuzunguka. Kuifungua bure ni kupoteza siku nzima na kulipia kazi ambayo huenda ikagharimu zaidi ya kipuri chenyewe. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi hii inafaa kufanywa kabla nati ya kwanza haijalegezwa.

Stata ni nini?

Stata ni mota ya umeme inayoizungusha injini hadi iweze kujiendesha yenyewe. Kabla yake, madereva walizungusha injini kwa mkono wakitumia chuma kilichopindwa, na wengi walivunjika mikono chuma hicho kiliporudi nyuma kwa nguvu. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyebuni stata ya umeme iliyofaa kutumika, na kampuni ya Cadillac ikaanza kuifunga katika magari yake ya mwaka wa 1912.

Ufunguo unapozungushwa, umeme mdogo hupita katika waya mwembamba hadi kwenye swichi ya sumaku iliyoshikamana na stata. Swichi hiyo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: husukuma gia ndogo ikaumane na meno ya gurudumu zito la nyuma ya injini, liitwalo flaiwili, na huunganisha waya mnene wa betri na mota. Hapo umeme wa zaidi ya ampea 100 hupita kwa sekunde chache.

Umeme mwingi kiasi hicho hauvumilii kutu wala muungano uliolegea. Katika nchi ya mvua nyingi na matope kama Sotik, Litein na Kapkatet, vichwa vya betri na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini huliwa na unyevu polepole. Fauka ya hayo, baridi ya asubuhi huifanya oili kuwa nzito na kuidhoofisha betri. Basi lawama huangukia stata ilhali mwenye kosa ni mwingine.

Jinsi ya kumjua mkosaji

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia sana au kuzimika, betri ni dhaifu au nyaya zake hazishiki vizuri. Zikibaki na mwanga uleule huku stata ikinyamaza au ikilia "tak" tu, basi stata yenyewe, rilei au swichi ya ufunguo inafaa kushukiwa.

Mwenye multimita ana uhakika zaidi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Injini inapozungushwa, kipimo hicho hakifai kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Kikishuka zaidi ya hapo, betri ichajiwe na kupimwa kwanza.

Kisha chukua waya mnene wa kuazimia umeme, uunganishe upande wa hasi wa betri moja kwa moja na chuma cha injini. Stata ikizunguka sasa, ugonjwa ulikuwa katika waya wa hasi, na tiba yake ni brashi ya chuma na nati iliyokazwa.

Kwa gari la gia za kujiendesha, jaribu kuwasha likiwa katika N badala ya P, kwa sababu swichi inayozuia gari kuwashwa likiwa kwenye gia huharibika pia. Mwisho, pima waya mwembamba unaoingia kwenye stata mtu mwingine akizungusha ufunguo. Ikiwa umeme wa kutosha unafika hapo na kwenye waya mnene pia, lakini stata haisongi, hapo ndipo hukumu inaweza kutolewa.

Baadhi ya madereva huigonga stata taratibu kwa mpini wa nyundo, ikazunguka. Hiyo ni dalili kwamba kaboni zake zimeisha au zimekwama. Si tiba, ila inaweza kumfikisha mtu nyumbani.

Wengine huegesha gari likitazama mteremko ili liwashwe kwa kusukumwa. Mbinu hii haiyafai magari ya gia za kujiendesha. Hata kwa yale mengine ina hatari, kwani injini ikiwa imezimika breki huwa ngumu na usukani huwa mzito, na miteremko ya huku haina huruma.

Kuifikia ilikofichwa

Mahali pa stata hutofautiana. Katika Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, gari lililoanza kutengenezwa mwaka wa 2002 na ambalo limejaa katika barabara za Kericho, Bomet na Kisii, stata iko upande wa mbele wa injini, chini ya manifoldi inayoingiza hewa. Huonekana kwa shida kutoka juu, ila hufikiwa kwa subira.

Kinyume chake ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 100 yenye injini ya petroli ya V8. Humo stata imelazwa katika bonde lililo kati ya safu mbili za silinda, na manifoldi yote ya hewa sharti iondolewe kwanza. Hiyo ni kazi ya fundi mzoefu mwenye gasketi mpya mkononi na vitambaa safi vya kuziba matundu, maana nati moja ikitumbukia ndani inaweza kuiua injini.

Kwa gari lolote lile, hatua ya kwanza ni kufungua waya wa hasi wa betri. Waya mnene unaoingia kwenye stata huwa na umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikiugusa pamoja na chuma cha gari, cheche zake zinaweza kuunguza mkono au kuwasha moto.

Hatua ya pili ni usalama wa anayeingia chini ya gari. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, na uzito wake ubebwe na stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Matofali nayo hupasuka ghafla.

Baada ya hapo, tafuta njia kwa tochi na kioo kidogo kabla ya kutumia nguvu. Kuondoa boksi la chujio la hewa, betri na sahani yake, au kinga ya matope iliyo chini ya injini huchukua dakika chache na hufungua nafasi kubwa. Bolti zilizoshika kutu zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni ya siku iliyotangulia.

Stata nyingi za Toyota hushikwa na bolti mbili, mara nyingi zenye kichwa cha milimita 14. Ile ya juu ndiyo hufichika. Badala ya kupigana nayo kwa spana fupi, tumia soketi yenye kiungo kinachopinda na fimbo ndefu inayopita juu ya giaboksi. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzitoa, na uishike stata kwa mkono mmoja bolti ya mwisho inapotoka. Ina uzito wa kilo kadhaa na imewahi kuwaangukia wengi usoni.

Ikishatoka, isirudi na ugonjwa

Kosa kubwa ni kurekebisha kitu kimoja na kuirudisha. Stata za Denso zilizomo katika Toyota nyingi hulia "tak" kwa sababu vipande vya shaba ndani ya swichi yake vimeliwa. Vipande hivyo ni vya bei nafuu kuliko stata nzima. Lakini kwa kuwa kazi ya kuifikia ni ngumu, kaboni, bushi na gia ndogo zikaguliwe papo hapo. Aidha, injini izungushwe kwa mkono ili meno yote ya flaiwili yaonekane kupitia tundu lililoachwa wazi.

Kabla ya kuirudisha, ijaribiwe nje ikiwa imebanwa imara, na kwa sekunde chache tu. Uso wake unaogusa injini usafishwe, kwani umeme wa hasi hupitia hapo. Bolti zikazwe sawasawa, maana stata iliyolegea hutafuna meno. Waya wa hasi wa betri ndio urudishwe mwisho.

Baadaye dereva naye ana wajibu wake. Asizungushe ufunguo kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na akikosa aipumzishe stata kwa nusu dakika au zaidi kabla ya kujaribu tena. Vichwa vya betri navyo visafishwe kila msimu wa mvua. Kazi hiyo ndogo, ambayo haihitaji jeki wala fundi, ndiyo inayoweza kumwepusha mwenye gari na ile kubwa.