Kisanamu cha Juu ya Kaunta: Kweli au Uongo?

Umeshamwona. Umeingia dukani kununua doti ya kanga au fyuzi ya gari, unasubiri chenji, unainua macho, na yule pale kwenye rafu nyuma ya keshia: mwanamke wa shaba ya manjano, urefu wa kiganja, ameketi juu ya ua, mikono minne, asumini shingoni, na udi wa kijiti unafuka mbele yake. Ni Lakshmi, mungu wa kike ambaye Wahindu humwomba neema na mali. Na kama umemwona, basi hadithi zake pia umezisikia, kwenye daladala, saluni au barazani. Mimi ninaye wangu mezani, kwa hiyo wageni huniletea hadithi hizo bila kuombwa. Nimeamua kuzipima moja moja.

"Kile ni chuma ulete."

Uongo. Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini kuliko zote: kwamba sanamu huvuta noti kutoka mfukoni mwa mteja na kuzitia kwenye droo ya mwenye duka, ndiyo maana Mhindi hafilisiki.

Kwanza, anafilisika. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Maduka na viwanda vilibaki, na Lakshmi wote waliokuwa kwenye rafu za Kampala na Jinja hawakuokoa hata kufuli moja. Mwaka mmoja kabla yake Tanzania ilikuwa imetaifisha majengo ya kupangisha, mengi yakiwa ya Waasia. Pili, mtafute mfanyabiashara wa Kihindi aliyevuma kuliko wengi katika historia ya Afrika Mashariki, utamkuta Alidina Visram, aliyefariki 1916, ambaye maduka yake yalifuata njia za misafara na baadaye reli kutoka pwani hadi Uganda. Huyo alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia. Dini yake haina sanamu.

Ukitaka kujua kinachofanya kazi pale kaunta, shusha macho kutoka kwenye rafu uangalie daftari. Wengi wa Wahindu wenye maduka kwetu asili yao ni Gujarat na Kutch, na kila sikukuu ya Diwali hufanya ibada iitwayo chopda pujan. Vitabu vya hesabu vya mwaka unaokwisha hufungwa, vipya hufunguliwa mbele ya Lakshmi, na kabla ya tarakimu yoyote huandikwa maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida. Siku hizi wapo wanaoweka kompyuta mahali pa daftari. Fikiria maana yake: dini inamlazimu mtu, angalau mara moja kwa mwaka, ajue anadaiwa na nani, anamdai nani, na mali iliyobaki ghalani ni kiasi gani. Ningependa kuwaona wanaolalamikia chuma ulete wakifanya hivyo hata mara moja kwa miaka mitano.

Na kwa taarifa yako, wewe mwenyewe unamkaribia kila unapotaja "laki moja". Neno laki limetujia kutoka India, na mzizi wake wa Kisanskriti, wenye maana ya kuona na kutia alama, ndio uliozaa pia jina la Lakshmi.

"Ukimweka nyumbani, fedha zinakuja zenyewe."

Uongo, na wa kwanza kukukatalia ni Wahindu wenyewe. Moja ya majina yake ni Chanchala, asiyetulia. Wanasema huhama kama mgeni aliyechoshwa, na hakai penye uchafu, uvivu na ugomvi. Ndiyo maana kabla ya Diwali nyumba husuguliwa, kuta hupakwa chokaa, na taa huwashwa usiku ambao mbingu haina mwezi kabisa, ili Lakshmi auone mlango. Ondoa dini yote hapo, bado unabaki na nyumba safi, hesabu zilizofungwa na watu wasiogombana. Hapo wazee wa India nawavulia kofia.

Kuna tawi la imani hii linalosema Lakshmi aliyesimama hafai, kwa kuwa aliyesimama yuko njiani kuondoka. Uongo huo pia. Katika hekalu mashuhuri la Mahalakshmi mjini Kolhapur amesimama, wala mahujaji hawajaacha kumiminika.

"Mikono minne! Hilo ni jini."

Uongo. Mikono ile ni maandishi, na inasomeka. Miwili ya juu imeshika maua ya yungiyungi. Wa chini kulia umeinuliwa, kiganja wazi, kukwambia usiogope. Wa chini kushoto umeelekezwa chini, unatoa, na mafundi wengi huutilia sarafu zinazomwagika. Wafasiri huiunganisha mikono hiyo na malengo manne ya maisha ya mwanadamu: dharma (wajibu na haki), artha (mali), kama (raha na mapenzi), na moksha (kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa). Angalia mpangilio. Mali ni ya pili, nyuma ya wajibu, na huyu ndiye anayeitwa mungu wa pesa!

Yungiyungi nalo limechaguliwa na watu waliokuwa wakiangalia mabwawa yao vizuri. Linaota kwenye tope, linachanua juu safi, na tone la maji likianguka kwenye jani lake linabingirika bila kulilowesha. Ukikuta tembo wawili wanammwagia maji, hiyo ni sura yake ya kale sana. Imechongwa kwenye mawe ya Sanchi, India ya kati, tangu miaka 2,000 na zaidi iliyopita. Tembo wale husomwa kama mawingu ya mvua. Kwa mkulima, mali ilikuwa mvua kabla ya kuwa sarafu.

Usimchanganye tu na wenzake. Mwenye mikono minane au kumi, silaha kila mkono na simba chini yake, ni Durga. Aliyetoa ulimi ni Kali, na hata yeye si shetani. Katika masimulizi anayanywa matone ya damu ya pepo mmoja kwa sababu kila tone likigusa ardhi linazaa pepo mwingine.

"Na bundi miguuni! Uchawi umekamilika."

Uongo, ingawa naelewa kwa nini umeshtuka. Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa wa mtaa. Kwa Lakshmi, hasa huko Bengal, bundi ni kipando chake, na hoja ya karibu kuliko zote ni ya ghalani: bundi hula panya, panya hula mpunga. Lakini usidhani India yote inampenda. Kwa Kihindi neno ullu, bundi, ndilo tusi la kumwitia mtu mpumbavu, na kila mwaka Diwali ikikaribia wahifadhi wanyama huko hupiga kelele kwamba bundi wanakamatwa na kuuawa kwa ajili ya kafara za kutafuta utajiri. Yaani anayemtaka Lakshmi anamuua kipando chake. Ushirikina hauna aibu.

"Hayo ni mambo ya Wahindu peke yao, Mwislamu hajawahi kuyagusa."

Uongo, na ushahidi wake ni wa dhahabu. Sultani Muhammad wa Ghor, aliyemshinda mfalme Prithviraj mwaka 1192 na kufungua njia ya utawala wa Kiislamu Delhi, alitoa sarafu za dhahabu zenye jina lake kwa hati ya Nagari upande mmoja, na upande wa pili Lakshmi ameketi. Hakuwa amebadili dini. Soko la kaskazini ya India lilikuwa limezoea sarafu zenye sura hiyo, na mshindi mwenye akili hagombani na soko. Leo nenda Moradabad, mji wa Uttar Pradesh unaojulikana kama Mji wa Shaba, uwaulize mafundi majina yao. Utawakuta Waislamu wengi wakiyeyusha, wakichonga na kung'arisha vyombo na sanamu zitakazokaa kwenye nyumba za Wahindu.

"Wahindu wanaabudu chuma."

Kama lilivyosemwa, uongo. Mimi si shehe wala pandit, na hukumu ya dini ipi ni sahihi sitaitoa hapa. Napima tu kama ndivyo wanavyoamini. Sanamu dukani Moradabad ni bidhaa. Inapimwa kwa kilo na kufungwa kwenye gazeti. Ili iwe ya ibada hekaluni hufanyiwa ibada ya kuitia uhai, prana pratishtha, na nyumbani familia humkaribisha mungu kwa namna zao, fupi zaidi. Kule Kolkata Durga wa udongo hukaribishwa, huombwa kwa siku kadhaa, kisha huagwa na kutoswa mtoni mpaka ayeyuke. Mtu haagi na kutosa kitu anachoamini kuwa ni Mungu mwenyewe. Tena wapo Wahindu wanaozikataa sanamu kabisa. Arya Samaj, iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875 na Dayananda Saraswati, ina wafuasi Nairobi tangu siku za mwanzo za mji huo.

"Shaba inaua vijidudu."

Kweli. Hii wazee waliipata kabla ya maabara. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilisajili metali za mchanganyiko zenye shaba nyekundu zaidi ya asilimia 60 kuwa zinaua bakteria kwenye uso wake, na aina nyingi za shaba ya manjano, ambayo ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, zimo. Kazi hiyo huchukua kama saa mbili. Sharti ni kwamba uso uwe mtupu: sanamu iliyopakwa vanishi haiui chochote. Wala usiichukulie kama dawa ya hewa ya chumba. Bakteria anayekufa ni yule aliyeigusa.

"Ikiwa na kutu ya kijani, ni ya kale."

Uongo, na ada ya somo hili niliilipa mwenyewe. Lakshmi wangu niliuziwa na muuza vitu vya zamani aliyeniapia kwamba alikuja na jahazi enzi za masultani. Alikuwa kijani kwenye mikunjo yote. Nilipofika nyumbani nikampitishia kitambaa chenye maji ya moto, na ukale wote ukatoka kwa dakika kumi. Siki, chumvi na siku chache kwenye mfuko wa plastiki vinatosha kuzeesha shaba yoyote.

Kwa hiyo pima hivi. Sumaku isinase, ikinasa, ndani ni chuma. Kisha mpime kwenye mizani, mzamishe kwenye jagi lililojaa pomoni, na upime maji yaliyomwagika. Wangu alikuwa gramu 680, maji mililita 80. Gawanya, unapata 8.5, na hiyo ndiyo shaba ya manjano. Ukipata 6 na ushei, ni mchanganyiko wa zinki uliopakwa rangi, 2.7 ni alumini. Angalau hapo sikuibiwa. Halafu tafuta mstari mwembamba ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Wangu anao, maana yake amefyatuliwa kwa wingi. Mafundi wa Swamimalai, Tamil Nadu, hufinyanga kwanza nta, wakaifunika udongo, wakaichoma nta itoke na kumimina metali mahali pake, kisha wakavunja udongo, kwa hiyo kila sanamu haina pacha. Ndiyo njia iliyozaa siwa ya shaba ya Lamu.

Na siku ukiuziwa iliyo ya kale kweli, ogopa zaidi. Sheria ya India ya 1972 inazuia kutoa nchini sanamu yenye zaidi ya miaka 100. Australia iliinunua sanamu ya Shiva kwa dola milioni tano na ushei mwaka 2008, na mwaka 2014 ikairudisha India na kubaki mikono mitupu, kwa kuwa ilikuwa imeibwa hekaluni.

"Ukwaju unang'arisha shaba bila dawa ya dukani."

Kweli, na bibi yako wa pwani na bibi wa Kigujarati wamekuwa wakifanya kitu kilekile. Asidi ya ukwaju, au ya ndimu, huyeyusha ule weusi uliokaa juu ya shaba. Loweka kokwa tatu nne, sugua na nyama yake kwa vidole, ingia kwenye mikunjo ya sari na katikati ya vidole vidogo kwa mswaki mzee, suuza, kausha papo hapo. Majivu laini yanasaidia, mchanga unakwangua. Kosa la watu ni kumlaza usiku kucha ndani ya maji ya ndimu. Asidi ikikaa muda mrefu huanza kula zinki na kuacha shaba nyekundu peke yake. Utamkuta asubuhi ana mabaka ya pinki mashavuni. Hapo hakuna ukwaju wa kumrudisha.