Fahamu: Kwa nini Januari huleta hofu Singida

Mkoa wa Singida, Tanzania, una msimu mmoja tu wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Mvua ikikatika Februari, mtama na uwele hunyauka. Ikiwa nzuri, ndege waitwao kwelea kwelea huvamia mashamba.

Njaa haianzii shambani pekee. Mkulima huuza alizeti mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini, alipe madeni na kununua sare za shule. Kufikia Januari ghala ni tupu na mahindi yamepanda bei, hivyo huacha palizi yake akafanye kibarua kwa jirani. Ndipo huanza kujiona hafai, ilhali kosa si lake.

Munguli, wilayani Mkalama, Wahadzabe, jamii inayowinda na kukusanya chakula porini, wanahofia kitu kingine: mashamba na mifugo vinamega pori lao. Mbuyu mmoja ukikatwa, asali na ubuyu hupungua.