Dhahabu Hulazwa Juu ya Kitambaa

Anayeingia darasa la darizi ya dhahabu kwa mara ya kwanza hutarajia kutunga uzi wa dhahabu sindanoni na kuanza kushona. Huambiwa mapema kwamba hatafanya hivyo. Uzi huo ni utepe mwembamba wa metali uliozungushwa juu ya kiini cha hariri au pamba, na ukipenyezwa kitambaani mara mbili tatu utepe huchunika, ukabaki uzi wa njano usio na thamani. Kwa hiyo dhahabu hulazwa juu ya kitambaa, nyuzi mbili kwa pamoja, na uzi mwingine mwembamba kama unywele hutoka chini, huivuka na kurudi chini, ukiishikiza hapo ilipo. Mshono huo mmoja ndio msingi wa majoho ya wafalme, mavazi ya maaskofu na mabango ya vikosi vya jeshi.

Mahali panapojulikana zaidi kwa kufundisha kazi hii ni Royal School of Needlework, shule iliyoanzishwa London mwaka 1872 na Lady Victoria Welby. Alikuwa na shabaha mbili: kufufua darizi iliyokuwa inasahaulika, na kuwapatia wanawake wenye elimu lakini wasio na kipato kazi ya heshima. Leo shule hiyo imo katika Kasri la Hampton Court, pembezoni mwa jiji. Wanaosomea cheti huanza na darizi ya sufu. Ufundi wa dhahabu huja baadaye, mkono ukishazoea fremu na sindano.

Na vifaa navyo vina tabia zake. Kitambaa huwambwa kwenye fremu ya mbao hadi kikaze kama ngozi ya ngoma, kwa sababu kikilegea dhahabu hujikunja. Uzi wa kushikizia hupitishwa kwenye nta ya nyuki ili usikatwe na makali ya metali. Mkasi wa dhahabu hautumiki kwa kingine chochote, maana waya huufanya butu. Kibano husaidia kukunja uzi kwenye kona, kwa kuwa vidole vina jasho, na jasho huharakisha kuchujuka kwa metali.

Kona, kwa hakika, ndiyo inayomtambulisha mwanagenzi. Kwenye mstari ulionyooka kila mtu anaweza kujidai fundi: mishono ya kushikiza hupangwa kwa nafasi sawa, milimita tatu au nne, na safu inayofuata huwekwa katikati ya nafasi za ile ya kwanza, kama matofali ukutani. Mstari ukifika kwenye ncha kali, kama ya jani, nyuzi mbili haziwezi tena kwenda pamoja. Ule wa nje hushikizwa peke yake kwanza, ukakunjwa kwa kibano, kisha ule wa ndani, halafu zote mbili zikaungana upya upande wa pili. Akiharakisha, ncha ya jani huwa duara. Mwishoni, miisho ya nyuzi haikatwi juu: hutolewa nyuma ya kitambaa kwa sindano nene yenye kitanzi cha uzi, ikashonewa huko kusikoonekana.

Ipo aina nyingine ya uzi, na hii huwafurahisha wanafunzi zaidi: waya uliosokotwa kama springi ndogo sana, ulio wazi katikati. Hukatwa vipande vya milimita chache na kutungwa kama shanga. Vipande hivyo huruka ovyo vikikatwa, ndiyo maana hukatiwa juu ya ubao uliofunikwa mahameli. Chini ya ua litakalodariziwa huwekwa kwanza matabaka ya felti au kamba laini ya pamba iliyopakwa nta, kisha vipande hupangwa juu yake kwa mshazari, kimoja baada ya kingine. Ua huinuka juu ya kitambaa, na mwanga ukilipiga kutoka upande huu au ule, hubadilika. Kipande kimoja kikiwa kirefu kupita kipimo, hupinda na kupasuka; kikiwa kifupi, felti huchungulia. Hapo hakuna njia ya mkato.

Waingereza wana sababu ya kujivunia ufundi huu. Katika Kanisa Kuu la Durham kuna vipande vya mavazi vilivyotolewa mwaka 1827 kwenye kaburi la Mtakatifu Cuthbert. Maandishi yaliyodariziwa juu yake yanaeleza kwamba Malkia Ælfflæd ndiye aliyeagiza vitengenezwe kwa ajili ya Askofu Frithestan, na hivyo wanahistoria huviweka kati ya mwaka 909 na 916. Vina zaidi ya miaka elfu moja, na dhahabu bado inang'aa.

Karne ya 13 na ya 14 kazi ya Uingereza ilitamaniwa Ulaya nzima. Mwandishi wa tarehe Matthew Paris anasimulia kwamba mwaka 1246 Papa Innocent IV aliyaona mavazi ya makasisi wa Kiingereza, akavutiwa, akaagiza apelekewe mengine kama hayo. Orodha ya mali ya Vatikani ya mwaka 1295 ina vipande zaidi ya 100 vya darizi ya Kiingereza. Siri ilikuwa nyuma ya kitambaa. Mafundi wale walitumia uzi wa kitani kuvuta kijitanzi kidogo mno cha dhahabu kikapenya upande wa chini, na kila kijitanzi kikawa bawaba. Vazi zito la dhahabu tupu liliweza kujikunja na kuteremka mabegani bila kukakamaa.

Wengi wa mafundi hao hawajulikani. Mabel wa Bury St Edmunds ni mmoja wa wachache walioacha jina, kwa sababu tu makarani wa Mfalme Henry III waliandika malipo yake katika miaka ya 1240. Mwaka 1256 mfalme alipofika mjini kwao aliamuru apewe kitambaa na manyoya ya sungura ya kutengenezea joho, kwa kumshukuru. Baadaye, Kanisa la Uingereza lilipojitenga na Roma katika karne ya 16, mavazi mengi yalichomwa moto kusudi dhahabu iliyomo irudishwe. Fundi angesikitika, lakini wachomaji walijua hesabu zao.

Mfano unaotajwa mara nyingi darasani ni wa mwaka 1953. Kwa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, wadarizi 12 wa shule ile walifanya kazi ya saa zaidi ya 3,500 kati ya Machi na Mei, wakitumia aina 18 za nyuzi za dhahabu kudarizi masuke ya ngano na matawi ya mzeituni kwenye mahameli ya zambarau ya joho lake. Gawanya saa hizo kwa wadarizi 12: kila mmoja aliinama juu ya fremu karibu saa 300. Mwaka 2023 shule hiyohiyo ilidarizi joho la Malkia Camilla, safari hii kukiwa na mimea mbalimbali na hata nyuki.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kwenda Hampton Court kuiona dhahabu ya namna hii. Picha za masultani wa Zanzibar zinaonyesha majoho yenye zari shingoni na kifuani, na hadi leo bwana harusi wa Mombasa, Lamu au Unguja huvaa joho au bushuti siku yake. Kiswa, kitambaa kinachoifunika Al-Kaaba, nacho ni darizi ileile katika kipimo kikubwa kupita vyote. Hadi mwaka 1962 kwa kawaida kilikuwa kikitoka Cairo. Leo hutengenezwa Makka, kwa mamia ya kilo za hariri, na ukanda wake una urefu wa mita 47 hivi. Mafundi hujaza kwanza umbo la herufi kwa nyuzi za pamba, kisha huzifunika kwa uzi wa fedha uliopakwa dhahabu. Mwanafunzi wa London angeitambua kazi hiyo mara moja, hata asipojua kusoma aya yenyewe.

Zari nyingi zinazouzwa madukani sasa, kusema kweli, hazina dhahabu wala fedha. Ni plastiki inayong'aa, na majoho mengi hudariziwa kwa mashine. Kwa anayejifunza si aibu kuanza na nyuzi za bei nafuu, zenye shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, kwani kosa la uzi ghali huuma mara mbili. Na kwa mtu aliyekwisha kushona kofia ya viua, tundu kwa tundu, subira anayo tayari. Kinachomsubiri ni kuzoea uzi usiotii.

Kinachowatia wasiwasi wahusika huko Uingereza si upungufu wa wanafunzi. Ni uzi wenyewe. Kuutengeneza kunahitaji kuvuta waya kupitia matundu yanayozidi kuwa madogo, kuubapaza kati ya magurudumu ya chuma, kisha kuuzungusha kwenye kiini kwa mashine za zamani ambazo wanaozielewa ni wachache. Heritage Crafts, asasi inayofuatilia hali ya kazi za mikono nchini humo, imeiweka kazi ya kutengeneza nyuzi za metali kwenye orodha ya kazi zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka. Karakana zilizobaki ni za kuhesabu, na wateja wake ni majeshi, makanisa, na wanafunzi wanaopimiwa springi zao kwa gramu.