Spiriti ya Miwa

Ndugu zetu wa Chita, miwa ya bonde la Kilombero haitoi sukari tu. Huko Kidatu molasi, yaani maji mazito meusi yasaliayo, huchachushwa kwa hamira, kisha hukenekwa. Spiriti huchemka kwa joto la digrii 78, mapema kuliko maji, nasi twaupoza mvuke wake. Hiyo huyeyusha vitu visivyokubali maji: seremala hutia lakiri ndani yake, akapaka meza, spiriti hupaa upesi, mng'aro ukabaki. Waunda manukato na dawa nao huitaka.

Lakini yuko ndugu yake mwovu, methanoli, asiyepambanulika naye kwa macho. Mnywaji huweza kukaa siku nzima asione neno, kisha akapofuka. Nairobi, mwaka 2000, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100.