Sita hawakurudi chuoni, saba wakajenga udugu

Taja neno fratenati mbele ya vijana wa hapa Nairobi uone. Wengi wataona jumba kubwa la kwenye filamu, muziki wa kupasua ukuta, vikombe vyekundu vya plastiki na fresha anayelazimishwa kufanya ujinga ili akubalike. Wengine wametazama Stomp the Yard mpaka wameikariri, na wanachojua ni zile hatua za kupiga miguu chini na makofi kwa mpigo mmoja. Hata mimi nilikuwa hapo. Nilidhani ni mbogi za watoto wa matajiri wa Marekani, hamna kingine.

Halafu nikakutana na historia ya tawi moja tu, lile la Alpha katika Chuo Kikuu cha Cornell, na nikanyamaza kidogo. Kwa sababu hiyo stori haianzi na pati. Inaanza na watu walioacha masomo.

Viti vilivyobaki wazi

Cornell iko Ithaca, mji mdogo wa jimbo la New York. Chuo kimekaa juu ya kilima, mji uko chini, na ziwa Cayuga liko pembeni. Majira ya baridi huko si mchezo, theluji inajaa njia nzima. Mwanzilishi wa chuo, Ezra Cornell, alisema tangu miaka ya 1860 kwamba anataka mahali ambapo mtu yeyote atasoma somo lolote. Kwa maneno, mlango ulikuwa wazi, hata kwa weusi.

Lakini kuna kufunguliwa mlango na kuna kukaribishwa. Mwanzo wa karne ya 20 wanafunzi weusi pale walikuwa wachache sana. Darasani waliingia, lakini maisha ya chuo, yaani urafiki, vikundi vya kusoma na vyama, yaliwapita kando. Wengi wao walipanga vyumba mjini, kwa familia za watu weusi, kisha kila asubuhi wanapanda kilima kwenda darasani na jioni wanashuka.

Vyama vya udugu vyenye majina ya herufi za Kigiriki vilikuwapo tayari, ila vilikuwa vya wazungu. Huko ndiko mwanafunzi alikopata mahali pa kulala, wenzake wa kusoma nao, na baadaye watu wa kumshika mkono kikazi. Baadhi ya vijana weusi waliingia kwenye nyumba hizo, ndiyo, lakini kama wahudumu wa meza. Hebu fikiria: unabeba sahani za watu mnaosoma nao, unawasikia wakipanga mambo yao, kisha unarudi chumbani kwako peke yako na kitabu cha hesabu.

Mwaka mpya wa masomo ulipoanza 1905, wanafunzi sita weusi waliokuwa chuoni mwaka uliotangulia hawakurudi.

Sita. Kwa chuo kizima hiyo ni namba ndogo, hakuna kengele itakayolia. Kwa kikundi kilichokuwa kidogo hivyo, hilo lilikuwa pengo la kutisha. Waliobaki walielewa kwamba wasipofanya kitu, mwaka unaofuata ni zamu yao.

Kusoma kwanza, jina baadaye

Walichofanya hakikuwa kikubwa. Walianza kukutana kwenye nyumba za familia za weusi mjini, mojawapo ikiwa nyumba nambari 421, barabara ya North Albany. Walisoma pamoja, wakajadili vitabu, wakaulizana hali. Aliyewaongoza mwanzoni ni C. C. Poindexter, mwanafunzi wa shahada ya juu aliyewazidi umri na uzoefu.

Kisha ukazuka mjadala ambao mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye chama, hata cha kuchanga mia mbili kwa wiki, anaujua: sisi ni nani hasa? Poindexter alitaka wabaki kikundi cha fasihi. Vijana wengine walitaka zaidi. Walitaka udugu kamili, wenye kiapo, jina na kanuni, kitu ambacho mtu hawezi kukiacha kirahisi kwa sababu wiki hii amechoka. Pande hizo mbili hazikuelewana, na mwishowe Poindexter akajitoa.

Tarehe 4 Desemba 1906 waliamua rasmi: Alpha Phi Alpha. Rangi zao zikawa nyeusi na dhahabu. Waanzilishi wanaotambuliwa ni saba: Henry Arthur Callis, Charles Henry Chapman, Eugene Kinckle Jones, George Biddle Kelley, Nathaniel Allison Murray, Robert Harold Ogle na Vertner Woodson Tandy. Wanachama huwaita Vito Saba. Kelley ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa tawi.

Angalia walikoishia baadhi yao. Callis akawa daktari, na ndiye aliyeishi miaka mingi kuliko wenzake wote, hadi 1974. Tandy akawa msanifu majengo wa kwanza mweusi kusajiliwa jimboni New York, na ndiye aliyechora jumba la Madam C. J. Walker, yule mama aliyetajirika kwa bidhaa za nywele. Kelley akawa mhandisi. Jones aliongoza kwa miaka mingi National Urban League, shirika la kuwatafutia weusi kazi na makao mijini. Chapman na Murray wakawa walimu. Hawa ni watu ambao pengine wangekuwa wa saba, wa nane na wa tisa kwenye orodha ya wasiorudi.

Tawi moja linazaa mengine

Cornell ikawa tawi la Alpha, herufi ya kwanza. Kufikia Desemba 1907 Jones alikuwa ameshasafiri hadi Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington kufungua la Beta, na Virginia Union kufungua la Gamma. Mwaka 1908 wakavuka mpaka hadi Toronto, Kanada. Mwaka huohuo, Januari, wasichana wa Howard nao wakaanzisha udada wao, Alpha Kappa Alpha, ambao miaka mingi baadaye ungempata mwanachama anayeitwa Kamala Harris. Vyama vingine vikafuata hadi vikafika tisa, vile vinavyojulikana leo kama Divine Nine.

Lile wazo la chumbani Ithaca, kwamba hakuna mwenzetu atakayeachwa nje, nalo likakua. Miaka ya 1930 kijana mweusi aliyeitwa Donald Murray alikataliwa na shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland kwa sababu ya rangi yake. Wanasheria wa Alpha Phi Alpha waliisukuma kesi hiyo, na waliosimama mahakamani ni pamoja na Charles Hamilton Houston na Thurgood Marshall, wote wanachama wa udugu huo. Walishinda mwaka 1935, na rufaa ikathibitisha ushindi mwaka 1936. Murray akaingia darasani.

Jina la Marshall linapaswa kutushtua hata sisi huku. Huyu ndiye wakili aliyeongoza kesi ya mwaka 1954 iliyovunja ubaguzi katika shule za umma Marekani, na mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Kati ya hapo, mwaka 1960, alikuja Kenya kwa mwaliko uliopitia kwa Tom Mboya, kisha akaenda London kwenye mazungumzo ya Lancaster House kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika. Aliandika rasimu ya haki za kimsingi ambayo Kenya ingeweza kuitumia. Ndiyo, maze, yule jamaa aliyekula kiapo cha udugu akiwa mwanafunzi Lincoln, Pennsylvania, alishika kalamu kwa ajili ya katiba yetu.

Martin Luther King naye alijiunga akiwa anasoma Boston. Miaka ya 1980 wanachama wenzake walianza kudai ajengewe mnara jijini Washington. Bunge la Marekani liliwapa ruhusa mwaka 1996, na mnara ukazinduliwa rasmi Oktoba 2011. Aliyehutubia siku hiyo ni Rais Barack Obama, mtoto wa Mkenya aliyekwenda Marekani mwaka 1959 kutafuta masomo.

Upande usiopendeza

Sasa nisikuuzie kitu kama malaika. Ukikumbuka ulivyokuwa mono bweni la kwanza, ukifua soksi za wakubwa na kupigwa makofi usiku, basi unajua kinachotokea pale watu wanapoamini kwamba mateso ndiyo tiketi ya kuwa mmoja wao. Vyama hivi viliingia kwenye mtego huohuo. Wageni walipigwa, wakanyimwa usingizi, wakadhalilishwa. Mwaka 1989 mwanafunzi wa chuo cha Morehouse, Atlanta, alifariki katika shughuli za kutaka kujiunga na Alpha Phi Alpha. Mwaka uliofuata vyama vikubwa vya weusi vilipiga marufuku mtindo ule wa zamani wa kuwapitisha wageni kwenye majaribu. Marufuku ilisaidia, lakini haikumaliza tatizo, visa viliendelea kusikika.

Hapo ndipo stori inauma. Kitu kilichoanza ili mtu asipotee kikaja kumpoteza mtu. Wale saba walikuwa wanamtafuta aliyebaki nje, wala hawakumwambia athibitishe kwamba anastahili kutafutwa.

Mbona nimeshikwa na hii stori

Kwa sababu mimi ni mmoja wa wale sita. Sikusoma Cornell, nilisoma chuo cha hapahapa, na niliacha nikiwa mwaka wa pili.

Watu wakiniuliza huwa najibu karo, na si uongo, karo ilichangia. Lakini ukweli wote ni mrefu kidogo. Nilikosa CAT moja kwa sababu jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliolipa. Nikaona aibu. Wiki iliyofuata nikakosa darasa, kisha nyingine, na kila siku ya kukaa nje ilifanya kurudi kuwe kugumu zaidi. Kwa wiki tatu simu niliyopigiwa kuhusu chuo ilikuwa moja, na jamaa alitaka shilingi 50 za kupigisha chapa kazi ya kikundi. Nilimtumia. Hakuuliza niko wapi.

Simlaumu. Hata mimi kulikuwa na msee aliyekuwa akikaa safu ya nyuma muhula wa kwanza, mwenye jaketi ya kijani. Akapotea. Sikuwahi kujua jina lake.

Hatuna fratenati huku, na sidhani tunahitaji herufi za Kigiriki. Tuna vyama vya kuchanga pesa, vikundi vya wanafunzi wa kaunti, Christian Union, timu za mpira na makundi ya WhatsApp yasiyohesabika. Tunajua kukusanyika. Tukifiwa tunachanga usiku mmoja. Tatizo ni kwamba mtu akiacha chuo hakuna matanga. Jina linakaa kwenye orodha mpaka linafutwa, na kiti kinakaliwa na mwingine.

Leo pale Cornell, mbele ya Barnes Hall, kuna ukuta na kiti cha mawe vya kuwakumbuka wale waanzilishi saba. Ni haki yao. Ila nikifika huko siku moja, nitakaa kwenye kiti hicho nikiwawaza wale sita, kwa sababu bila wao kukosekana hakuna ambaye angeshtuka.

Kwa hivyo komredi, ukiingia darasani Jumatatu, hesabu. Ukiona kuna mtu wa safu ya nyuma hajaonekana wiki mbili, usingoje tangazo. Tafuta namba yake, mpigie. Usianze na deni la fotokopi. Mwambie tu: hatujakuona, uko wapi?