Kisanduku cha Wi-Fi cha kamati: nani ashike ufunguo?



Kamati kadhaa za amani katika kambi zetu za Ituri zina kisanduku kidogo cha Wi-Fi, kile cha kuingia mfukoni. Ndani yake inawekwa kadi ya SIM, na watu walio karibu wanapata intaneti kwa telefone zao. Kwa familia zilizotawanyika tangu vita viliporudi Djugu mwezi wa 12 mwaka 2017, hiyo ni njia ya kusikia sauti ya ndugu aliyevuka Ziwa Albert kwenda Uganda.

Katika kambi moja karibu na Bunia nilikuta mega za mwezi mzima zimekwisha kwa siku tatu. Wenyeji wa kambi walisema waliofika juzi ndio waliozila. Waliofika juzi walisema kijana anayetunza kisanduku anauza neno la siri kwa watu wa kabila lake. Mkutano ukavunjika, watu wakaondoka bila kuagana. Kesho yake tulifungua ukurasa wa mipangilio mbele ya wote. Telefone 14 zilikuwa zimeungana, za pande zote. Tulipozitazama moja moja, nyingi zilikuwa zinapakua programu mpya zenyewe, maana telefone ikiona Wi-Fi hudhani mega hazina mwisho.

Ukurasa huo unafunguliwa hivi. Unganisha telefone na Wi-Fi ya kisanduku, kisha ndani ya Chrome andika namba iliyo kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kisanduku au chini ya betri. Mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.0.1. Kuufungua hakuli mega. Utaombwa neno la siri la msimamizi, na kwenye visanduku vingi ni «admin».

Shida iko hapo. Maneno ya siri ni mawili, na watu wengi wanajua moja tu. La kwanza ni la kuingia kwenye Wi-Fi. La pili ni la kuingia kwenye ukurasa huu, na anayelijua anaweza kumfungia yeyote. Likibaki «admin», kila aliyeunganishwa ni chefu. Basi libadilisheni kwanza. Kisha chagueni ulinzi wa WPA2, zimeni WPS, na wekeni idadi ya telefone zinazoruhusiwa kwa wakati mmoja. Palipo na sehemu ya kupima matumizi, andikeni kiasi cha mega mlizonunua na siku mlizozinunua, ili kila mjumbe aone zilizobaki. Nazo telefone zenyewe zizuiwe kupakua programu bila kuulizwa.

Jina la Wi-Fi lisiwe la kijiji, la kabila wala la shirika. Linaonekana kwenye kila telefone inayopita barabarani.

Ukurasa huo unaonyesha pia orodha ya telefone zilizounganishwa, mara nyingine pamoja na jina la mwenyewe. Kwetu jina peke yake linaweza kumwambia adui wewe ni wa upande gani. Orodha isipigwe picha, isitumwe kwa mtu. Kuhusu kumzuia mtu kwa orodha hiyo, mimi sishauri: telefone za Android 10, iliyotoka mwaka 2019, na zilizofuata zinaweza kujificha kwa anwani nyingine. Ni afadhali kubadilisha neno la siri na kuwapa upya waliokubaliwa.

Mkisahau neno la msimamizi, kuna kitufe kidogo cha kubonyeza kwa sindano, sekunde kumi hivi. Kila kitu kinarudi kama kilivyotoka dukani, hata «admin». Kwa hiyo kisanduku kisilale mahali pasipo na mtu.

Kamati ile iliandika neno jipya kwenye karatasi, ikaifunga ndani ya bahasha, na wajumbe wawili, mmoja wa kila upande, wakatia sahihi juu yake. Bahasha inatunzwa na rais wa kambi. Kijana yule bado anachaji betri.