Karata ya Tatu Kutoka Kushoto

Mwanamazingaombwe anapanga karata nne mezani, zote zimefunikwa, katika mstari mmoja mbele ya mtazamaji, kisha anamwambia asukume moja mbele. Karata inafunuliwa, na jina lake linakutwa limeandikwa tangu mapema kwenye karatasi iliyokunjwa. Walioshuhudia hugawanyika. Wapo wanaoamini kwamba mtu huyu huingia akilini mwa wenzake, na wapo wanaoona kwamba amebobea katika saikolojia kiasi cha kuongoza fikra za mtu bila mwenyewe kujua. Kundi la pili hujiona limeerevuka kuliko la kwanza, lakini nalo linampa sifa isiyo yake. Ushawishi anaoutumia upo kweli na umepimwa, ila ni mdogo. Unaonekana mkubwa kwa sababu mtazamaji ana hakika kwamba alichagua kwa hiari yake, na kwa sababu ya maandalizi ambayo hataonyeshwa kamwe.

Mbinu hiyo ya karata nne ilijaribiwa na Alice Pailhès na Gustav Kuhn wa Chuo cha Goldsmiths, London. Asilimia 52 ya washiriki walisukuma karata ya tatu kutoka kushoto kwao, ilhali bahati tupu ingetoa asilimia 25. Sababu inayotolewa ni nyepesi: hiyo ndiyo karata inayofikika kwa urahisi zaidi. Lakini matokeo mengine ya utafiti huo yana uzito kuliko hesabu hiyo. Walioichukua karata ya tatu walidhani ni watu wachache kuliko ilivyo kweli ambao wangefanya kama wao, na walijihisi huru sawasawa na waliochukua karata nyingine. Pia, washiriki walipokumbushwa waziwazi kwamba wanafanya uamuzi, mbinu ilipungua nguvu. Ndiyo maana fundi mzuri hamwambii mtazamaji achague. Humwambia asukume moja, kwa sauti ya kawaida, kama jambo la kupita tu kabla ya mchezo wenyewe kuanza, na mkono humaliza kazi kabla ya tafakuri kuamka.

Ipo mbinu inayoonekana ya ajabu zaidi, iliyopata umaarufu kupitia Derren Brown wa Uingereza. Hapa hakuna karata mezani. Mtazamaji anaombwa kufikiria yoyote kati ya 52. Wakati anaongea, mwigizaji anachora kwa mikono umbo la uru hewani, anagusia rangi kali, anaonyesha namba ndogo pembezoni, kisha anaashiria mara tatu hewani akielekeza alama za katikati. Pailhès na Kuhn waliipima mbinu hiyo pia, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba takriban asilimia 18 walifikiria tatu ya uru, bila wengi wao kushuku kilichowasukuma. Kwa bahati tupu, karata hiyo ingetajwa na asilimia 2 hivi. Kwa mwanasayansi hili ni tokeo la kusisimua. Kwa mtu anayesimama mbele ya hadhira, ni kukosea mara nne katika kila tano.

Kwa nini basi hatumwoni akikosea? Kwa sababu amejiandalia milango ya kutokea. Katika meza ya karata nne, kila karata inaweza kuwa na ushahidi wake: mmoja mfukoni, mwingine chini ya boksi, wa tatu mgongoni mwa karata yenyewe. Mtazamaji hufunguliwa mlango mmoja tu, na hana sababu ya kuuliza kuhusu mingine. Akiangukia ule mzuri kuliko yote, uliotegemea msukumo mdogo wa saikolojia, anaondoka na hadithi ya muujiza. Akiangukia mwingine, bado ameburudika.

Msomaji makini anaweza kunipinga kwa utafiti wa Jay Olson na wenzake wa mwaka 2015, ambamo mwanamazingaombwe alipitisha karata kasi kwa kidole mbele ya macho ya watu, akaifanya karata aliyoitaka ichaguliwe kwa asilimia 98, na asilimia 9 tu wakagundua. Je, huo nao ni ushawishi mdogo? Jibu liko katika namna ulivyofanyika. Karata iliyokusudiwa ilibaki machoni muda mrefu kidogo kuliko zingine, ambazo zilipita kwa kasi isiyoruhusu kuonekana vizuri. Hapo akili haikuelekezwa upande fulani. Ilinyimwa vya kuchagua. Jaribio lilipohamishiwa kwenye kompyuta, bila mikono na macho ya fundi, mafanikio yalishuka sana.

Jambo kubwa kweli ni ule uhakika wa mchaguzi. Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza jinsi wanunuzi nchini Marekani walivyowekewa jozi nne za soksi za nailoni zisizo na tofauti yoyote: asilimia 40 walipenda za kulia kabisa, 12 tu za kushoto kabisa, na walipoulizwa kama nafasi ilichangia, karibu wote walikana. Mwaka 2005 Petter Johansson, Lars Hall na wenzao walibadilisha kwa ujanja picha ambayo mtu ameichagua. Wengi hawakutambua, na wengine wakaitetea ile waliyobadilishiwa kwa sifa zilizokuwa kwake tu, kama hereni. Sidai kwamba hiari ni uongo, maana kukumbushwa tu kwamba unaamua kulitosha kuidhoofisha mbinu ya karata nne. Ninachosema ni kwamba hisia ya uhuru haiwezi kutumika kama ushahidi wa uhuru.

Wengine watasema huu ni mchezo tu, na mchezo haudhuru. Yuxuan Lan na wenzake waliliangalia hilo mwaka 2018. Baada ya onyesho la kusoma mawazo darasani, wanafunzi waliamini zaidi kwamba mtu anaweza kujua fikra za mwenzake kwa kumtazama uso na misuli, na kumwongoza kwa vidokezo vya siri. Mwigizaji alipotambulishwa kuwa mwanamazingaombwe badala ya mwanasaikolojia, imani hiyo haikupungua. Kwa hiyo kujitambulisha kuwa mchezaji hakutoshi. Anayedai kutumia saikolojia jukwaani angepaswa kuwaambia watu pia kwamba ile karatasi haikuwa pekee.